Kikohozi

Sikumjua kwa muziki. Nilimjua kwa masikio.
Alikuja kliniki Jumanne moja, Llanelli imelowa chapachapa,
akakaa ndani ya kile kijichumba cha kupimia,
abonyeze kitufe kila asikiapo mlio,
na mara nyingi hakubonyeza.
Chati yake ilishuka kama ngazi za kwenda stoo.
Sauti za juu zimekwenda, nikamwambia: filimbi, ndege, kengele ya mlango.
"Na mwanamke akiimba juu kabisa?"
Naye pia, nikasema.
Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyetajiwa bei.

Idris Prosser, fundi wa zamani wa kiwanda cha mabati.
Mashine zilimla masikio huku zikimlipa mshahara,
na mshahara ule akaununulia santuri.
Si hizi nyepesi za plastiki. Zile za lakiri,
nzito kama sahani za udongo,
zinazopasuka ukizitazama vibaya,
mizunguko sabini na minane kwa dakika,
dakika tatu, basi, geuza.

Nilipompelekea betri nyumbani niliziona:
ngazini, uvunguni, ndani ya oveni isiyowashwa tena,
elfu mbili mia sita na ushei,
kila moja na mstari wake daftarini.
Mali bila daftari, nikaanza kwa Kiswahili,
akataka nimalizie, nikamalizia,
akaiandika juu ya jalada kwa herufi zake za kifundi,
akikosea mahali pawili.

Ukurasa wa kushoto, zilizoingia:
sokoni Swansea, shilingi mbili;
kwa mjane wa Burry Port, bure, pamoja na keki.
Ukurasa wa kulia, zilizoazimwa:
Bi. Myfanwy Rees, polka ya tarumbeta, irudi Ijumaa.
Bwana Tal Hopkin, wimbo wa vichekesho, imerudi na ufa.
Bwana Tal Hopkin, tena.
Nikacheka. Akasema, "Ufa ni mmoja.
Masikio yake ni mawili."

Kisha akanitolea ile.
Jina la mwimbaji limeliwa na vidole vya watu.
Daftarini: mwanamke, piano, labda 1911.
Akabadili sindano, maana sindano moja ni upande mmoja, ndiyo sheria,
akazungusha mkono wa gramafoni.
Kwanza mchakato wa mafuta, kama jirani anakaanga dagaa.
Kisha piano, imesimama mbali mno na pembe.
Kisha, kabla mama hajafungua kinywa,
mtu akakohoa.

Mara moja. Kikavu.
Mwanamume, nadhani, aliyejizuia akashindwa.
Labda nta ilikuwa ghali kurudia,
labda gari moshi lilikuwa linawangoja.
Wakakichapa hivyo hivyo, wakakiuza.
Mama aliimba bustani, mvulana, barua, nimesahau.
Kikohozi sijakisahau.
Mtu yule hana jina, hana kaburi nilijualo,
ana nusu sekunde.

Sasa Prosser hasikii, hata kwa vifaa vyangu vya bei mbaya.
Anazigawa.
"Santuri iliyofungiwa ni sahani tu," anasema,
"na sahani ninazo jikoni."
Jumamosi ya kwanza ya mwezi, ukumbi wa kanisa,
chai iliyokolea, biskuti za kuvunjika,
mimi ndiye mzungusha mkono.
Watu kumi na tisa; siku ya theluji, wanne na mbwa.
Huondoka na santuri kwapani, ndani ya foronya kuukuu.
Tal Hopkin huondoka na mbili.

Ya kikohozi haiazimwi. Hupigwa mwisho.
Ukumbi mzima hunyamaza, hata bomba la joto.
Yeye hukaa karibu, kiganja juu ya sanduku, macho amefumba.
Mafuta yanachemka. Piano.
Nami humtazama yeye, si sindano:
kidole chake cha shahada huinuka,
na mtu hukohoa.